Rekodi ya Jumatano

"Wanjira, hebu nyamaza kidogo," Muigai alisema, kicheko kikimkauka usoni. "Ile taa nyekundu huko juu bado inawaka."

"Taa gani?"

"Ya kurekodi."

Wanjira alikuwa amesimama mbele ya laptopu yake sebuleni, mkono mmoja kiunoni, mdomo umepinda. Muda mfupi tu kabla ya hapo alikuwa akimwigiza mtu mwenye kigugumizi, ile ya kuvuta herufi moja mpaka macho yanafumba yenyewe, na wenzake wawili kwenye skrini walikuwa wamecheka hadi Stellah akajimwagia chai. Sasa hakuna aliyecheka. Wote watatu walikuwa wanaangalia kona moja ya skrini.

"Imewaka tangu saa ngapi?"

"Tangu mwalimu aanze. Alitoka akatuachia chumba tuongee mambo ya kundi, hakuizima."

"Woi," Stellah alisema polepole. "Na rekodi si huingia yenyewe kwa ukurasa wa darasa?"

"Huingia."

"Kwa hivyo Nzau..."

"Nzau ndiye mtu pekee kwa hili kundi anayesikiliza rekodi," Muigai alisema, na akazima kamera yake.

Sasa wacha nikuweke sawa, maana hapa ndipo mambo yalipoharibikia.

Hawa wanne walikuwa wanasomea stashahada ya usimamizi wa majengo kwenye mtandao. Chuo chao kilimwachia kila mtu achague. Kuna wale wa laivu, wanaoingia darasani Jumatano jioni, wanaulizana na kujibizana hapo hapo. Na kuna wale wa kujipangia, wanaosikiliza rekodi wakipata nafasi, wanaacha mchango wao kwa ukurasa wa kundi, na wenzao wanajibu wakifika. Mwisho wa yote, kundi ni moja na kazi ni moja.

Wanjira alikuwa mtu wa laivu mpaka kwenye mifupa. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia watu nyumba za kupanga, kuanzia Mountain View hadi Satellite, na hakuna mpangaji aliyemhamisha bila kwanza kujua habari zake zote. Nyumba yake mwenyewe haikukosa mgeni. Nzau alikuwa fundi wa lifti kwenye maghorofa ya katikati ya mji. Yeye alisema lifti huharibika jioni watu wakitoka kazini, kwa hivyo hawezi laivu. Kila mtu aliamini.

Ukweli aliujua Wanjira peke yake. Nzau alikuwa na kigugumizi. Akikaa na mtu mmoja anayemzoea, kinatulia. Akiwekwa mbele ya nyuso ishirini ndani ya vidirisha, zote zikimngoja, ulimi unafunga. Lakini akiwa peke yake anarekodi ujumbe wa sauti, akikosea anafuta, akikosea tena anafuta, mpaka sauti inatoka imetulia kama maji ya mtungi. Wanjira alimpendea sauti hiyo. Ujumbe wa kwanza ulihusu ngazi za dharura, jamani, ngazi za dharura, na mwisho wake akasema, "Pole kwa kukuchelewesha. Nilitaka kulisema vizuri." Wanjira aliusikiliza akiwa anapiga pasi, akaunguza blauzi.

Walipokuja kuonana ndipo Nzau akamwambia kwa nini.

"Usimwambie mtu," Nzau alimwomba.

"Nimwambie nani sasa mimi?"

Huyo ni Wanjira, eti nimwambie nani.

Jumatano hiyo ilianza na Muigai. Muigai alikuwa kijana wa Loresho, anasimamia majumba ya wazazi wake, na anapocheka hurudisha kichwa nyuma mpaka unatamani kumletea kichekesho kingine acheke tena.

"Huyu jamaa yako ni kama gazeti la jana," alisema. "Unamuuliza kitu Jumatano, anajibu Jumamosi. Siku nyumba ikishika moto utangoja ajipangie?"

Wanjira angecheka tu yaishe. Lakini alitaka kile kichwa kirudi nyuma tena.

"Si lifti zinamzuia," alisema. "Ni ulimi. Ngoja nikuonyeshe."

Akasimama, akaonyesha.

Alfajiri ya Alhamisi hakuwa amelala. Alimpigia Dalmas, kijana aliyeshughulikia mitambo ya darasa pale chuoni, ambaye mwaka uliotangulia Wanjira alikuwa amemtafutia nyumba Satellite yenye maji kila siku, kitu ambacho mtu hasahau.

"Dalmas, sasa. Ile rekodi ya jana, unaweza kuikata mkia?"

"Nikikata, mwalimu wenu Madam Kaluki anaona imekatwa na atauliza kwa nini. Mkia una nini?"

"Una mimi."

"Naweza kuiondoa yote niseme sauti iliharibika. Hutokea. Lakini iondoke yote."

"Iondoe yote."

"Na wale wa kujipangia?"

"Kwa darasa letu ni Nzau peke yake. Nitamwandikia mwenyewe yaliyosemwa."

"Haya. Lakini wewe siku moja utaniponza."

Jumamosi asubuhi simu ya Wanjira ililia. Ujumbe wa Nzau.

"Wanji, rekodi ya Jumatano siioni. Kuna kitu nimepitwa?"

"Sauti iliharibika mpenzi. Nakuandikia kila kitu sasa hivi, usijali."

Akamwandikia kweli, ukurasa mzima, mambo ya bima na ukaguzi wa lifti, na kila mstari ukimchoma. Nzau akajibu:

"Asante sana. Sijui ningesoma vipi bila wewe."

Aliweka simu chini ya mto, kama mtoto aliyevunja kikombe.

Labda ingeishia hapo, na yeye angezeeka na siri yake. Lakini Jumatatu mchana Nzau alipiga simu. Nzau hakuwa mtu wa kupiga simu bila kuandika kwanza.

"Wanji, o-orodha imetoka. Jina langu liko kwa watu wa kuwasilisha kazi laivu. Mbele ya wakaguzi."

"Laivu? Wewe si wa kujipangia?"

"Wanasema kwa kazi ya mwisho kila mtu ni laivu, isipokuwa aliyeomba kutuma rekodi. Na mwisho wa kuomba ilikuwa Ijumaa. Hiyo ilitangazwa lini?"

Wanjira alikaa kwenye ngazi za nyumba aliyokuwa akimwonyesha mpangaji. Yalimrudia yote. Madam Kaluki karibu na kutoka, akisema, "Hii sikilizeni vizuri, na wale wa rekodi wataipata." Na yeye wakati huo alikuwa anamwandikia Stellah pembeni kuhusu shati la Muigai.

"Wanji, uko?"

"Niko."

"Ilitangazwa?"

"Sikusikia vizuri," alisema. Na hiyo ilikuwa kweli, ndiyo maana ilimuuma zaidi kuliko uongo.

"Mi-mimi siwezi. U-unajua siwezi. Ofisini wamenishikia ile nafasi ya msimamizi mpaka nimalize hii kozi. Ni... nitaiacha tu. Nitawaambia wampe mtu mwingine."

Nzau hakuwa amegugumiza akiongea naye kwa muda mrefu. Wanjira alikuwa amesahau inavyosikika. Yaani, hapana, hakuwa amesahau, si aliiigiza Jumatano.

"Usiache bado," alimwambia. "Nipe leo tu."

Jioni alimkuta dada yake mdogo, Cate, jikoni akimenya minji. Alimsimulia kila kitu hapo mezani.

"Na Jumamosi si ndiyo anakuja na watu wake kujua nyumbani, ndoa ianze kuongelewa?" Cate aliuliza.

"Ndiyo."

"Na Mami ameshaalika hadi wamama wa kanisa."

"Najua, Cate."

"Na ameagiza mbuzi."

"Unanisaidia au unanihesabia?"

Cate alimenya minji tatu nne kabla ya kujibu. "Unaweza kunyamaza. Hakuna anayejua isipokuwa hao wawili na Dalmas."

"Naweza."

"Lakini hujawahi kunyamaza tangu uzaliwe. Utaanzia kwa hii?"

Wanjira alitaka kucheka, akajikuta anafuta macho kwa leso ya vyombo.

"Akijua atanikimbia."

"Na asipojua anaacha kozi, anaacha kazi, na anakuoa akishukuru. Utaweza kumwangalia akikushukuru kila siku?"

Kesho yake, Jumanne, Wanjira alipanda kwenda mjini. Nzau alikuwa anafunga nyaya kwenye ghorofa moja la maduka na ofisi, na chini yake palikuwa na hoteli ya chai ambapo mafundi hukaa na buti zao. Alimkuta ameagiza chai mbili na mahamri, chai moja ikiwa ya Wanjira.

"Umekuja mbio hivi, kuna mtu amekufa?"

"Kaa, Nzau. Nataka kukuambia kitu, na naomba usinikatize, nikikatizwa nitapata njia ya kudanganya."

Nzau aliweka kikombe chini.

"Ile rekodi haikuharibika. Mimi ndiye niliyemwambia Dalmas aiondoe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mwalimu alitoka akaacha inarekodi. Tukabaki mimi na Stellah na Muigai. Na nikawaambia kwa nini huji laivu."

Mtu mmoja meza ya nyuma aliomba sukari. Nzau hakugeuka.

"Uliwaambia."

"Niliwaambia. Na nikakuigiza."

"Uli..." Neno lilikwama. Wanjira alitazama meza. Lilichukua muda kutoka, na muda huo wote hakuna kitu cha kushika ila kijiko. "Uliniigiza vipi?"

"Nzau, tafadhali."

"Nionyeshe."

"Siwezi."

"Kwao uliweza."

Hakupaza sauti. Angalau angepaza, Wanjira angejua pa kushika.

"Walicheka?"

"Walicheka."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye niliyecheka zaidi."

Nzau alisukuma sahani ya mahamri pembeni, taratibu, kana kwamba inaweza kuvunjika.

"Kwa hivyo mimi naenda kusimama mbele ya wakaguzi kwa sababu ulikuwa unaficha kicheko."

"Ndiyo."

"Na ulinikalia kimya. Nikakuandikia asante."

"Ndiyo. Naenda kwa Madam Kaluki leo hii, nitamwambia yote, akupe nafasi ya kutuma rekodi. Hata akinifukuza. Lakini nilitaka wewe ujue kwanza, kutoka kwangu."

"Nirudishie hiyo rekodi."

"Itakuumiza."

"Imeshaniumiza. Nataka kujua ukubwa wake."

"Nzau, niambie kitu. Nitukane basi. Usiniache hivi."

Alikuwa ameshasimama, mkoba wa vifaa begani.

"Wewe u-unataka kila kitu sasa hivi," alisema. "Mimi nitakujibu nikiwa nalo jibu."

"Na Jumamosi? Watu wamealikwa."

"Kuna watu wanangoja lifti, Wanji."

Akalipia chai zote mbili, hata ile ambayo haikuguswa, akapanda kwa ngazi.

Madam Kaluki alimsikiliza kwenye simu mpaka mwisho bila kusema hata mh. Wanjira alikuwa amesimama nje ya duka la mapazia, kidole kwenye sikio la pili, watu wakimpiga vikumbo.

"Umemaliza?" Madam aliuliza.

"Nimemaliza, Madam."

"Huyo Dalmas unajua anaweza kupoteza kazi?"

"Mimi ndiye niliyemwomba. Asiadhibiwe yeye."

"Ataandikiwa onyo, na ashukuru. Nzau nitamfungulia, atatuma rekodi yake, hilo si kosa lake. Na kule kazini kwake asiache kitu. Wewe alama zako za ushirikiano ni sufuri. Utarudia hili somo."

"Sawa, Madam."

"Hujalia kuhusu alama?"

"Alama si kitu kinachoniliza."

Madam alipumua upande wa pili. Wanjira akaona nafasi.

"Madam, kesho darasani naomba dakika chache. Nimwombe msamaha mbele ya wote."

"Wote walicheka?"

"Hapana. Wawili."

"Sasa hao wengine unataka kuwaambia nini? Unataka kuwatangazia jambo ambalo hawakulijua, ndiyo wewe ujisikie mwepesi? Nani amekupa ruhusa ya kumtangaza mara ya pili?"

Wanjira alikuwa ameshapanga hata nguo ya kuvaa.

"Waombe wale mliocheka nao wakutane nawe," Madam alisema. "Na uache Nzau asikilize kwa wakati wake. Usimsukume."

Kwa hivyo Jumatano, darasa lilipoisha, walibaki tena watatu. Safari hii Wanjira alibonyeza mwenyewe ile taa, akawaonyesha kwamba inawaka.

"Mnajua nimewaitia nini."

"Jira, ilikuwa mzaha tu," Muigai alisema. "Hakuna mtu amekufa."

"Haukuwa mzaha wangu wa kutoa. Ilikuwa siri ya mtu."

Stellah aliinamisha kichwa. "Mimi naomba msamaha, Nzau. Nilicheka na sikupaswa. Mtoto wa dada yangu anaongea hivyo hivyo, na nikicheka nyumbani dada angenipiga na mwiko. Sijui kwa nini hapa nilicheka."

"Muigai?"

"Sawa, pole. Pole, Nzau." Halafu akatabasamu, lile tabasamu. "Lakini Wanjira, kusema kweli, mwanamume akikuacha kwa sababu ya kicheko kimoja, sisi wengine tuko hapa. Laivu kila wiki."

Wiki moja nyuma Wanjira angechangamka. Sasa alimwangalia kwenye kidirisha chake, shati lake zuri, kichwa kimeegemea tayari kurudi nyuma.

"Nilimwigiza mtu ninayempenda ili wewe ucheke," alimwambia. "Hiyo ndiyo sehemu inayoniaibisha kuliko zote. Kwa hivyo usinitongoze tukirekodiwa, kaka. Atasikia."

Muigai aliguna, akaangalia pembeni.

Wanjira alibaki na kamera. Alikuwa ameandaa maneno mengi, ya kupamba. Yote yalimtoroka.

"Nzau," alisema. "Uliniambia nisimwambie mtu. Niliwaambia hawa wawili. Nilikuwa nataka kupendeza, na nikatumia kitu chako. Kisha nikakudanganya ili nisionekane. Sikuombi unijibu. Nilitaka tu usikie kwamba waliosikia lile, wamesikia na hili."

Akazima. Akaiweka kwenye ukurasa wa kundi, pamoja na ile ya kwanza, ambayo Dalmas alikuwa ameihifadhi, kama alivyoombwa.

Jamani, kungoja ni kazi. Mtu aliyezoea kujibiwa kabla hajamaliza kuuliza, umwambie akae na simu isiyolia. Alhamisi ukurasa ukasema Nzau hajafungua. Ijumaa hajafungua. Alimwonyesha mtu nyumba Kangemi akasahau funguo ndani. Mara kumi alianza kumwandikia, mara kumi akafuta, na kwenye mara ya mwisho akamwelewa Nzau na kufuta kwake.

Jumamosi asubuhi, kabla chai haijachemka, ukurasa ulibadilika. Nzau alikuwa amefungua zote mbili, na kuzisikiliza hadi mwisho. Hakuna neno aliloacha.

Mchana, nyumba ya wazazi wake ilikuwa imejaa. Mbuzi alikuwa jikoni, wamama wa kanisa walikuwa wanakata sukuma wiki na kusengenya, Shosho, nyanya yake, alikuwa amekalishwa kwenye kiti kizuri, na baba yake, Mzee Kihara, alikuwa amevaa koti la harusi ya mtu. Mama yake alimvuta kando ya jiko.

"Wageni wamefika wapi?"

"Sijui, Mami."

"Hujui vipi? Piga simu."

"Nimeambiwa nisimsukume."

"Na nani?"

"Mami, huenda wasije." Alisogeza sufuria bila sababu. "Nilimkosea."

"Ulimkosea vipi?"

"Kwa mdomo."

Mama yake alimtazama kwa muda, mwiko mkononi. Angegomba, na Wanjira alikuwa tayari kugombezwa, hata alitamani.

"Huo mdomo ni wa upande wa baba yako," Mami alisema mwishowe. "Umemwomba msamaha?"

"Nimeomba."

"Basi kata vitunguu. Mtu akikata vitunguu hakuna anayemuuliza analia nini."

Alikuwa amekata rundo zima Cate alipoingia mbio, amefunga mdomo kwa mkono.

"Kuna gari langoni."

Walishuka watatu. Nzomo, mjomba wa Nzau, mwenye kofia, ambaye ndiye angekuwa msemaji. Kaindi, binamu yake, amebeba kreti ya soda. Na Nzau, shati jeupe, viatu vinavyong'aa, uso wa mtu ambaye naye hakulala. Alimsalimia kila mtu kwa mkono. Alipofika kwa Wanjira alimpa mkono pia, akauachia mapema.

Ndani walikaa wakapangwa. Mjomba Nzomo alisimama, akakohoa, akaanza, "Sisi tumetoka mbali kidogo, na tumekuja kuona..."

Mzee Kihara aliinua kiganja. "Mzee mwenzangu, karibu sana. Wewe na mimi tutaongea mpaka jioni. Lakini leo nilitaka kusikia kijana mwenyewe. Kijana, umekuja kutafuta nini hapa kwangu?"

Hata jikoni visu vilisimama. Mjomba Nzomo alimtazama Nzau kwa wasiwasi, akataka kusema kitu, akakaa.

Nzau alisimama.

"N-ni..." alisema. "Ni-nime..."

Ulimi ukafunga. Macho yakafumba. Wamama wa kanisa waliangalia mikono yao. Wanjira alikuwa upande wa pili wa sebule, na neno alilijua. Alilijua lote, na yaliyofuata alidhani anayajua, yalikuwa yamejaa mdomoni mwake kama uji wa moto. Angeweza kulisema yeye, watu wangecheka kidogo, mambo yangeendelea. Cate alimkazia macho. Wanjira aliweka mikono chini ya mapaja, akaikalia, akafunga mdomo.

"Amesemaje?" Shosho aliuliza kwa sauti ya wasiosikia.

"Bado anasema, Shosho," Wanjira alimjibu.

"Aa. Basi tumngoje. Mimi siendi popote."

Mtu mmoja alicheka, akimchekea Shosho, na mabega ya Nzau yakashuka kidogo. Alivuta pumzi. Akaanza upya, bila haraka, kila neno na wakati wake.

"Nimekuja kwa sababu ya Wanjira," alisema. "Amenikosea majuzi. Yeye anajua, na m-mimi najua, hayo ni yetu. Bado nimekasirika. Nilikaa asubuhi nikajiuliza kama nitakasirikia kwangu au nitakuja. Nikaona ni-nikasirike nikiwa karibu naye."

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Mjomba Nzomo alivua kofia. Wanjira alikuwa analia waziwazi, bila kitunguu hata kimoja cha kusingizia.

Mzee Kihara alimtazama kijana, akamtazama binti yake, akakaa akitafakari mpaka Mami akatokea mlangoni kuona kuna nini.

"Mama Wanjira," alisema, "huyu anayekasirika akiwa karibu ameshaoa. Leta chakula."